Propranololi kwa Mtoto Mwenye Hemanjioma ya Njia ya Hewa

SWALI: Mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya. Nina mtoto wa kike wa miezi 3, uzito kilo 5, aliyetibiwa mara tatu kwa kudhaniwa ana uvimbe wa koo wa virusi. Kila akipewa deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, hupata nafuu, kisha mkoromo hurudi. Ana alama nyekundu kidevuni na kwenye mdomo wa chini. Mwenzangu anasema ni hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu, na hutibiwa kwa propranololi. Dawa ya shinikizo la damu inahusika vipi hapa, na hutolewa kwa kiasi gani?

JIBU: Daktari, nadhani mwenzako ameona sawasawa. Hemanjioma iliyo chini ya nyuzi za sauti hukua upesi katika miezi ya mwanzo, hunywea kidogo kwa steroidi, kisha huvimba tena nguvu ya dawa inapokwisha. Alama za kidevuni na mdomoni, yaani mahali mwanamume anapoota ndevu, zinaongeza shaka yangu, kwani watoto wa namna hiyo ndio hasa hukutwa na uvimbe mwingine ndani ya njia ya hewa. Uthibitisho hupatikana hospitali ya rufaa, kwa kuchungulia kwa kamera mtoto akiwa amelazwa usingizi. Akiwa anabonyea kifua hata akitulia, mpeleke sasa hivi akiwa na oksijeni, wala usianzishe dawa ukasubiri.

Kuhusu propranololi, ugunduzi ulikuwa wa bahati. Mwaka 2008 Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza habari za mtoto mwenye hemanjioma ya pua ambaye kuta za moyo wake zilikuwa zimenenepa wakati akitibiwa kwa steroidi. Walipompa propranololi kwa ajili ya moyo, kesho yake uvimbe ulikuwa umegeuka kutoka wekundu mkali kuwa zambarau na kulainika. Badiliko hilo la haraka huelezwa kwa kubanwa kwa mishipa ya damu. Baadaye dawa hupunguza vichocheo vinavyoiotesha mishipa mipya, na uvimbe husinyaa polepole. Kabla ya hapo wengi walitobolewa koo na kuishi na mrija kwa miezi mingi.

Kwa kawaida huanzwa na miligramu 1 kwa kilo kwa siku, ikigawanywa mara tatu, kisha hupandishwa hadi 2, na isizidi 3. Mtoto wako ataanza na miligramu 5 kwa siku nzima. Tazama basi hatari ya kukata kidonge cha miligramu 40 kwa wembe: kipande kimoja cha nane tayari ni dozi yake ya kutwa. Mfamasia atengeneze dawa ya maji, na nguvu yake iandikwe kwenye chupa kwa miligramu kwa kila mililita. Mtoto mwenye shida ya njia ya hewa huanzishiwa dawa wodini, akipimwa mapigo ya moyo na shinikizo la damu saa moja na saa mbili baada ya dozi ya kwanza na kila dozi inapopandishwa. Alama ya usoni ikiwa pana, moyo na mishipa ya kichwa vichunguzwe kwanza.

Kinachonitisha zaidi kuliko mapigo kupungua ni sukari kushuka. Propranololi huficha mapigo ya kasi ambayo yangetuonya, kwa hiyo dalili ya kwanza inaweza kuwa jasho, kulegea au degedege. Huyu amekwisha kupewa steroidi mara tatu, nazo zikirudiwa zinaweza kudhoofisha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, ambazo homoni zake husaidia kuzuia sukari isishuke, hivyo kinga yake dhidi ya sukari kushuka inaweza kuwa ndogo. Mama aelezwe kwa lugha yake kwamba dawa hutolewa mtoto anaponyonya, na kwamba akikataa titi, akitapika au akianza kutoa sauti ya filimbi kifuani, dozi hiyo irukwe na aletwe hospitali. Apewe maelezo hayo kwa maandishi pia, maana mara nyingi bibi ndiye anayebaki na mtoto.

Mkoromo ukipungua ndani ya siku mbili, msifurahi mkaacha dawa. Huendelea hadi mtoto atimize mwaka mmoja au zaidi, na kila anapoongezeka uzito dozi hukokotolewa upya.