Choo cha wageni kando ya nyumba ya vioo: niliyojifunza

Wadogo zangu mnaoanza usanifu majengo, mkipewa kazi ya choo msiidharau. Zoezi lililonifunza kuliko yote nikiwa mwanafunzi Chicago lilikuwa kuchora choo cha wageni kwa ajili ya nyumba ya Farnsworth, iliyoko Plano, Illinois, kando ya mto Fox. Lilikuwa zoezi la darasani tu, hakuna kilichojengwa, lakini mpaka leo nikishika kalamu nalikumbuka.

Nyumba hiyo ilichorwa na msanifu Mies van der Rohe kwa ajili ya daktari Edith Farnsworth, ikakamilika mwaka 1951. Nguzo nane za chuma zilizopakwa rangi nyeupe zimebeba sakafu na paa, na kuta za nje zote ni vioo. Sasa ni makumbusho. Ndani mna mabafu mawili, ila yalikusudiwa mwenye nyumba na wageni wake wachache, na mabomba yote hushuka ardhini kupitia mrija mmoja katikati. Ukiwaruhusu watalii wa basi zima kuyatumia, utayaua. Choo cha wageni lazima kikae nje.

Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa kijumba cha vioo vya ukungu na nguzo nyeupe, kimeinuliwa juu kama nyumba yenyewe. Niliupenda sana. Mwalimu akautazama kimya, kisha akauliza, "Mwenye kitimwendo anaingiaje?" Nikajibu nitaweka njia ya mteremko. Akanipa chaki nipige hesabu mbele ya wenzangu.

Sakafu ya nyumba ile iko kama mita 1.6 juu ya ardhi, na yangu niliiweka hapo hapo. Kanuni za Marekani zinataka kila sentimita 1 ya kupanda iwe na angalau sentimita 12 za kwenda mbele, na ukishapanda sentimita 76 uweke sehemu tambarare ya kupumzikia. Mita 1.6 mara 12 ni mita 19.2, hapo sehemu za kupumzikia bado. Nyumba yenyewe ina urefu wa mita 23 na ushee. Mteremko wa kwendea choo ungeshindana na nyumba ambayo watu wametoka mbali kuja kuiona. Nilifuta mchoro wote siku ile.

Swali lake la pili lilikuwa zito zaidi: "Mto ukifurika, uchafu unakwenda wapi?" Maji ya Fox yaliingia ndani ya nyumba hiyo mwaka 1954, yakaingia tena 1996 na 2008. Mimi nilikuwa nimechora tangi la maji taka bondeni, bila kujua kwamba udongo ukijaa maji, tangi lililo tupu huelea na kung'oa mabomba yake. Likilazimika kukaa bondeni, lifungwe kwenye zege, mifuniko isipitishe maji, na bomba la kutokea liwe na valvu ya kuzuia maji yasirudi. Afadhali kulipandisha kwenye mwinuko, na ndivyo nilivyofanya. Tena kule kuna baridi kali. Bomba la maji lizikwe zaidi ya mita 1, na liwe na mahali pa kulimwaga lote msimu ambao nyumba haipokei wageni. Mambo haya muulize fundi bomba kabla hujachora ukuta hata mmoja.

Hesabu ya foleni nayo ifanyeni mapema. Kundi likiwa na wanawake 12 na vyumba 2, kila mmoja akitumia dakika 2, wa mwisho anatoka baada ya dakika 12. Ongeza chumba cha tatu, zinakuwa 8. Anayeongoza ziara hana dakika 12.

Kuhusu sura, Mkataba wa Venice wa 1964, wa kimataifa kuhusu kutunza majengo ya kihistoria, unataka nyongeza ionekane kuwa ni ya zama zake. Kijumba changu cha vioo kingemdanganya mgeni adhani Mies ndiye aliyekichora. Kipya kilikuwa cha mbao zilizokolea, paa chini, nyuma ya miti, juu ya vigingi vya chuma vya kuskurubu ambavyo siku moja vinaweza kung'olewa. Nilikiegemeza kwenye mwinuko ili sakafu ikutane na njia bila ngazi.

Ndani, msiiamini kompyuta peke yake. Nilikata boksi duara la milimita 1,525, nafasi ambayo kitimwendo huhitaji ili kigeuke, nikalitandika kwenye choo cha chuo. Pipa la taka lilikuwa limekaa juu yake. Kwenye ramani pipa halikuwapo.

Siku hiyo hiyo nilimkuta mama wa usafi akijaza ndoo kwenye sinki la kunawia mikono. Ndoo haikuenea, akawa anachota kwa kikombe. Nikamuuliza angependa nini. "Bomba la chini, mwanangu, na mahali pa kuning'iniza dekio likauke." Nilirudi mezani nikapunguza stoo ya vipeperushi, nikampa mtu wa usafi chumba chenye mlango wake, bomba la chini na ndoano mbili.