Maswali ya Wasomaji: Manjano, mikro-RNA na dawa za saratani

Mamangu alitolewa titi mwaka jana na sasa anameza tamoxifen, dawa ya saratani ya matiti, mg 20 kila siku. Jirani amemletea manjano ya unga na pilipili manga, achanganye na asali, kijiko asubuhi na kijiko usiku. Anasema wataalamu wamethibitisha kuwa manjano huzima "mikro-RNA" ya saratani. Ni kweli? Aendelee? – Binti, Likoni

Pole kwa mnayoyapitia, na mpe mama salamu zetu. Jirani hakutunga uongo, ila habari aliyoipata ni nusu.

Mikro-RNA ni vipande vifupi mno vya RNA (molekuli inayobeba maagizo ya jeni ndani ya seli), nyukleotidi, yaani "herufi" zake, 22 hivi, vinavyoamua protini ipi itengenezwe kwa wingi na ipi ipunguzwe ndani ya seli. Victor Ambros na Gary Ruvkun walivigundua katika minyoo, wakatangaza mwaka 1993, na mwaka 2024 wakatunukiwa Nobel. Kimoja kiitwacho miR-21 huzidi katika saratani nyingi, ya matiti ikiwemo, na kikizidi hubana PTEN na PDCD4, protini zinazoizuia seli isizaliane ovyo. Seli za saratani ya utumbo mpana zikiwekewa kurkumini, yaani ile rangi ya manjano, miR-21 hushuka na PDCD4 hupanda. Hilo limeonekana, lakini maabarani.

Sasa tupige hesabu. Kijiko cha chai cha manjano ni gramu 3 hivi, na kurkumini ndani yake ni kama asilimia 3: miligramu 90 tu. Kuna wagonjwa waliopewa gramu 8 za kurkumini kwa siku katika utafiti. Kwa manjano ya Marikiti hiyo ni zaidi ya robo kilo kila siku! Na bado iliyopatikana kwenye damu ilikuwa kidogo mno, kwa sababu utumbo na ini huigeuza na kuitoa mapema.

Ndiyo maana watu huongeza pilipili manga. Piperini iliyomo hupunguza kasi ya vimeng'enya vya ini na utumbo. Mwaka 1998 ilionyeshwa kuwa mg 20 za piperini zikimezwa na gramu 2 za kurkumini huongeza kiwango chake damuni takriban mara 20. Lakini baadhi ya vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyoshughulikia dawa pia. Tamoxifen hupata nguvu yake kubwa pale ini linapoigeuza kuwa endoksifeni, na wagonjwa wa Uholanzi waliopewa kurkumini na piperini pamoja na tamoxifen, endoksifeni yao ilishuka kwa asilimia 12 hivi. Kwa mtu ambaye ini lake huigeuza tamoxifen polepole, upungufu huo si wa kupuuza.

Kwa hiyo manjano ya kwenye mchuzi wa samaki ale bila hofu. Vile vijiko vya asubuhi na usiku aache, na vidonge vya kurkumini asinunue. Tamoxifen asiikatize hata siku moja. Chukueni hicho kifurushi mwende nacho kliniki, mumwambie daktari amekitumia tangu lini. Akiona macho yamegeuka njano, mwili unawasha, au mkojo umekuwa kama chai ya mkandaa, msingoje miadi; ini lipimwe siku hiyo hiyo.

Kwenye mradi wangu naweka kurkumini kwa seli za HepG2, yaani seli za saratani ya ini zinazokuzwa maabarani. Mara miR-21 inashuka, mara haishuki. Kosa liko wapi? – Mwanafunzi, Tudor

Tunashuku kwanza kurkumini yenyewe. Katika maji yenye pH 7.2 na nyuzi 37 bila seramu (majimaji ya damu yanayolishia seli), karibu asilimia 90 huharibika kwa nusu saa. Yeyusha kwenye DMSO, kimiminika cha kuyeyushia, igawe kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja, funga kwa foili, hifadhi nyuzi 20 chini ya sifuri. Usiibadilishe seramu kati ya jaribio na jaribio. Seli za ulinganisho zipate DMSO kiasi kile kile, tuseme asilimia 0.1.

Kisha angalia namna unavyotoa RNA. Safu za kawaida za kuchujia hupoteza vipande vifupi. Tumia zilizoundwa kwa RNA ndogo, ukifuata kipimo chake cha ethanoli bila kukisia. Kwenye qPCR, kipimo kinachorudufisha RNA iliyogeuzwa DNA ili kuihesabu, tofauti ya Ct 1 (Ct ni idadi ya mizunguko hadi ionekane) ni sawa na mara mbili, hivyo tone likikosewa kidogo tu matokeo yanageuka. Kila sampuli ipimwe mara tatu, na uhakikishe U6, RNA unayolinganishia, haibadiliki kwa sababu ya kurkumini.

Jambo moja wengi hulisahau: seli zinazokufa hubadilisha mikro-RNA nyingi kwa mpigo. Pima uhai wa seli kwanza, ubaki kwenye dozi ambayo zaidi ya asilimia 80 ziko hai. Rangi ya kurkumini huingilia vipimo vya kusoma mwanga, basi osha visima kabla ya kusoma.

Lile ua la waridi la mchangani, vinka, nasikia ndilo dawa ya saratani. Shemeji amelichemsha anywe. – Msomaji, Bamburi

Dawa za saratani vinkristini na vinblastini kweli hutoka humo. Hizi hukamata nyuzi zinazoivuta seli igawanyike, si habari ya mikro-RNA. Majani makavu mamia ya kilo hutoa gramu chache tu, zikasafishwa, na hospitalini vinkristini huchomwa mshipani, kwa kawaida isizidi mg 2 kwa dozi. Kwenye sufuria hakuna ajuaye kipimo. Ikizidi, vidole hufa ganzi, choo hufunga, na seli nyeupe za damu hushuka hadi homa ndogo ikawa hatari. Kama shemeji ameshakunywa, mpelekeni hospitali leo pamoja na tawi la mmea, na muombe hesabu kamili ya damu ipimwe sasa na irudiwe baada ya wiki.