Kibali cha jengo la zamani: waite wakaguzi kabla ya kuchora

Kazi yangu ni kuchora ramani na kufuatilia vibali, hasa Jinja, Uganda, na miji ya jirani. Wengi wanaonijia wameshapanga au kununua jengo la enzi ya pamba, duka la ghorofa lenye baraza mbele au ghala la mabati, na wanataka kuligeuza kliniki, hoteli ndogo au ofisi. Ushauri wangu kwao ni mmoja: usilipie ramani kamili kabla wakaguzi hawajaliona jengo lenyewe.

Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 haihusu majengo mapya tu. Kubomoa ukuta au kuongeza ngazi kunahitaji kibali. Duka likigeuka kliniki, kuna pia suala la matumizi ya ardhi, na hilo ni la kamati ya mipango miji. Ila utaratibu umezoea mtu mwenye kiwanja kitupu, na hapo ndipo faili zinapokwama.

Mteja wangu mmoja alirudishiwa faili lenye maoni haya: “Onyesha nondo za msingi.” Jengo lile lina msingi wa mawe na chokaa, nondo hazikuwahi kuwamo. Kubishana kwa barua kungetuchosha bure. Tulimwomba mhandisi wa ofisi iliyolirudisha aje, tukachimba shimo kando ya ukuta mbele yake mpaka msingi ukaonekana chini, tukapiga picha futi ikiwa imesimamishwa shimoni. Alizunguka, akagonga kuta, kisha akauliza swali la maana zaidi: tangi la maji mnaliweka wapi? Tulikuwa tumelichora juu ya paa. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5, na zile kenchi za mbao zilipigwa zibebe mabati tu. Tangi likahamia kwenye mnara wake uani. Hakuna ramani ambayo ingemfanya aulize hivyo akiwa mezani.

Kwa hiyo peleka kwanza vipimo vya jengo lilivyo, picha za nyufa na paa, ripoti fupi ya mhandisi wako, na ukurasa mmoja wa unachotaka kufanya. Kisha omba waje pamoja: wa mipango, wa ujenzi, wa afya, wa zimamoto. Wakija kila mmoja kwa siku yake, huyu atakwambia upanue ngazi ya mbao, yule atataka uing'oe kabisa. Ningekuwa na sauti kwenye miji yetu, ningeomba hili tu: ziara moja ya pamoja na orodha moja ya maoni yenye sahihi zao wote. Wala haihitaji sheria mpya.

Akitokea wa kukuamuru upige plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa, mwombe kwa heshima asubiri. Saruji hufungia unyevu ndani, na ukuta huanza kumomonyoka nyuma ya plasta inayong'aa. Na uliza mapema Idara ya Makumbusho na Malikale kama jengo limeorodheshwa, maana tangu 2023 kuna sheria mpya ya mambo hayo.

Hati ndiyo ya kuangalia kabla ya yote. Mengi ya majengo haya yaliachwa na Wahindi waliofukuzwa 1972, na baadaye kuyarudisha kwa wenyewe kukapitia Sheria ya Mali Zilizotaifishwa ya 1982. Dai cheti cha kurudishiwa, kilinganishe na hati ofisi ya ardhi, halafu ndipo umlipe mtu. Nimeona michoro mizuri ikilala kabatini kwa sababu aliyepangisha hakuwa mwenye nyumba.

Kazi ikiisha kuna kibali kingine, cha kuanza kulitumia jengo. Kiombe mafundi wakiwa bado wapo, ili mkaguzi akitaka mlango wa dharura ufunguke kwa nje, aliyeufunga bawaba awe palepale na bisibisi yake.