Tairi ni 28, mbona haiingii?

SWALI: Habari, nina baiskeli ya Phoenix ya zamani, rimu ni 28 x 1½, nimeuziwa tairi ya 700 x 38C naambiwa ni 28 ileile, sasa inagoma kabisa kuingia. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana ndugu, rudisha hiyo tairi, usilazimishe na bisibisi utaharibu tyubu bure. Usiamini namba za inchi kama hiyo 28! Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, mfano 40-635, ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili kipenyo pale tairi inapokaa kwenye rimu. Rimu yako ni 635, hiyo 700C ni 622, yaani milimita 13 pungufu. Upana ukitofautiana kidogo sawa, lakini kipenyo lazima kifanane. Hata tairi za inchi 26 ziko hivyohivyo, ya baiskeli ya mauntini (ya milimani) ni 559 ila 26 x 1⅜ ni 590.