Chura wa Dunga na taswira yake majini

Dada, umesema chura wako wa Dunga, pale kando ya Ziwa Victoria karibu na Kisumu, anatoka vizuri pichani, ila taswira yake majini huwa imefifia au imekatikakatika. Naona shida mbili: filta uliyofunga kwenye lenzi, na saa unayokwenda.

Filta ya polaraiza ivue. Kazi yake ni kupunguza mng'ao wa maji, na taswira unayoitafuta ndiyo mng'ao wenyewe!

Halafu saa. Alasiri upepo wa ziwa huvuma kuelekea mjini na maji yanakunjamana. Nenda kukipambazuka. Tena usihangaike na ziwa. Kidimbwi kilichobaki nyuma ya mafunjo baada ya mvua hutulia zaidi.

Shusha kamera hadi ikaribie kugusa maji. Mimi huilaza juu ya kifuko cha maharagwe, nikachuchumaa kando na gambuti zangu (kuingia majini miguu mitupu ni kujitafutia kichocho). Fokasi iwe jichoni, tundu la lenzi f/8 au f/11, na uache nafasi ya kutosha chini ya fremu, maana wengi humkata chura wa pili, yule wa kwenye taswira, kiunoni. Akilia, koo hutikisa maji na viduara vikaenea. Ngoja anyamaze, hesabu hadi tano, ndipo ubonyeze.

Na usimshike kumpanga. Ngozi yake hufyonza vitu, na mikono yako ina dawa ya mbu.