Maswali na majibu: Moto wa shamba la miti hupimwa kabla haujawaka

Huku Mufindi asubuhi ni baridi kali. Hatari ya moto si ndogo?

Hapana! Swali hili linarudi kila Julai. Acheni kuangalia joto peke yake. Baridi ya nyanda za juu huja na hewa kavu, na sakitu huua majani yakakauka yakiwa wima. Pima unyevu wa hewa na upepo saa nane mchana, umande ukiwa umeshaondoka. Unyevu ukiwa chini ya asilimia 30 na upepo unazidi kilomita 30 kwa saa, usiwashe hata jiko shambani. Kuandaa shamba kwa moto siku hiyo ni kumchomea jirani misindano yake.

Nina ekari tano za misindano. Watu wangapi wanatosha kuzima moto?

Ekari hazikupi jibu, nguvu ya moto ndiyo inayokupa. Chukua 18,000 (kilojuli za joto katika kilo moja ya majani makavu), zidisha kwa kilo za majani makavu katika mita moja ya mraba, kisha kwa kasi ya moto kwa mita kwa sekunde. Kilo 0.3 na kasi ya 0.1 ni kilowati 540 kwa kila mita ya mstari wa moto. Ndimi zake hufika kama mita 1.4. Watu wenye matawi mabichi, makoleo na mabomba ya mgongoni huweza kuukabili moto uso kwa uso mpaka kilowati 350 hivi, ndimi za mita 1.2. Ukizidi hapo, waanzie nyuma na kuubana ubavuni. Vijana wanaopelekwa mbele yake ndio wanaoungua. Sasa fyeka na kuondoa nusu ya majani yale: kilowati 270, kikosi kilekile kinaumudu. Upepo huuwezi, mteremko huuwezi, majani unayaweza. Fyeka Mei na Juni, usingoje Oktoba.

Njia ya kuzuia moto ya mita tatu inatosha?

Kwa ndimi za mita mbili kwenye tambarare, labda, kama imekwatuliwa mpaka udongo. Yenye nyasi si njia. Usiikate katikati ya mteremko: kila nyuzi 10 za mwinuko, kasi ya moto unaopanda huongezeka takriban maradufu. Ipitishe mgongoni mwa kilima.

Moto umezimika saa moja usiku. Turudi nyumbani?

Bado. Pitisha mgongo wa kiganja juu ya majivu, visiki na mizizi kando ya mstari wote. Penye joto chimbua, mwagia maji, koroga, pima tena. Acheni walinzi, na kesho saa nane mchana mrudie upya, kwa sababu upepo ukishika kaa la kisiki kimoja mnaanza mwanzo.