Unahamia Utah na CDL (leseni ya kuendesha malori) mkononi? Hesabu ya "bia mbili tu" iache huko Texas

Mkuu, karibu Salt Lake. Umeuliza mambo mawili: kama unaweza kunywa bia mbili ukaendesha gari lako dogo ilimradi lori umeliacha yadi, na kama mdogo wako akifika anaweza kwenda moja kwa moja kufanya mtihani wa CDL. Naishi hapa na kuendesha trela tangu enzi kikomo cha kilevi kwenye damu kilipokuwa 0.08, na nimewasindikiza ndugu zetu wengi kwa mawakili kuwatafsiria. Hao waliokujibu "haina shida" wanakutafutia balaa.

Texas uliyoizoea ni 0.08. Utah ndiyo jimbo la kwanza Marekani kushusha kiwango cha kilevi kwenye damu hadi 0.05. Sheria ilisainiwa na gavana Gary Herbert mwaka 2017 na ikaanza kazi Desemba 30, 2018, siku moja kabla ya mkesha wa mwaka mpya. Wengi walinung'unika kwamba ni mambo ya dini ya hapa, ya Wamormoni wasiokunywa pombe. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Utafiti wa NHTSA, idara ya serikali kuu ya usalama barabarani, uliotoka 2022 ulionyesha kuwa mwaka 2019 kiwango cha ajali za vifo, kwa kupima na maili zilizoendeshwa, kilishuka karibu asilimia 20 kulinganisha na 2016. Anayeshinda barabara kuu ya I-80 usiku hahitaji kuelezwa maana ya namba hiyo. Na kuna jambo wageni hawalijui: Novemba 2019 bia za supamaketi hapa ziliruhusiwa kufika asilimia 5, wakati zamani ziliishia 4. Kopo limepata nguvu baada ya kiwango kushuka.

Sasa CDL. Ukiwa kwenye lori kiwango chako ni 0.04 popote Marekani, hilo unalijua. Wanachokosea jamaa ni kudhani gari la nyumbani haliihusu CDL. Ukitiwa hatiani kwa ulevi hata kwenye Corolla yako, CDL inafungwa mwaka mmoja. Ikitokea mara ya pili, inafungwa maisha, ingawa baada ya miaka 10 jimbo linaweza kukufikiria. Na kwa kuwa hatia yenyewe inapimwa kwa sheria ya jimbo, hapa 0.05 inatosha kukuondolea ugali.

Nikueleze kinachotokea barabarani, maana hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Polisi atakutaka ufuate kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa. Halafu utembee hatua tisa kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole, ugeuke na kurudi hatua tisa. Halafu usimame mguu mmoja ukihesabu kwa sauti. Maelekezo yote ni ya Kiingereza, ya haraka. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa, tunaitikia ndiyo, ndiyo, hata tusipoelewa. Ukianza kutembea kabla hajamaliza kueleza, hiyo nayo inaandikwa kama dalili. Usipoelewa, sema hujaelewa. Kama una goti bovu, sema mapema. Vipimo hivi vya barabarani si lazima uvikubali.

Ila kipimo cha baada ya kukamatwa, cha pumzi au damu, ni kitu kingine kabisa. Ushauri wa "kataa kupuliza" unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni sumu. Ukikataa, Utah inakunyang'anya leseni miezi 18 kwa mara ya kwanza, na kwa CDL kukataa kunahesabiwa sawa na kulewa. Juu ya hapo, polisi anaweza kuomba kibali cha jaji na damu ikatolewa vilevile.

Kuna karatasi utakayopewa siku hiyohiyo. Unazo siku 10 tu kuomba kusikilizwa na idara ya leseni, na hiyo ni njia tofauti na mahakama. Ndugu yetu mmoja alikamatwa akitoka harusini West Valley. Ile karatasi akaikunja akaiweka kwenye dashibodi, akingoja tarehe ya korti. Siku 10 zikapita. Leseni ikafungiwa siku 120 kabla hajamwona jaji, na kazi ikaondoka nayo. Karatasi hiyo mpelekee wakili kesho yake asubuhi.

Tangu Januari 1, 2026 kuna jipya: aliyetiwa hatiani kwa ulevi mkubwa, kuanzia 0.16, leseni yake inawekwa alama nyekundu inayosema asiuziwe pombe. Ndiyo maana sasa baa na mgahawani kila anayeagiza pombe anaonyesha kitambulisho, hata mwenye mvi.

Bangi: utapita jimbo jirani la Nevada, na mji wake wa West Wendover uko mpakani kabisa, bangi inauzwa hadharani. Kwako wewe dereva haipo. Kipimo cha DOT (wizara ya uchukuzi ya Marekani) hakijali ulivutia wapi, na ukionekana nayo jina linaingia Clearinghouse, daftari la serikali kuu la madereva walioanguka vipimo vya dawa na pombe. Zamani mtu alikuwa anahama kampuni na kutulia. Tangu Novemba 18, 2024 jimbo lenyewe linalazimika kukuondolea CDL mpaka umalize utaratibu wa kurudi kazini. Na wale wa miraa, msijidanganye eti mko salama kwa kuwa haimo kwenye kipimo cha kawaida cha DOT. Cathinone iliyomo ndani yake iko kundi la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku Marekani, na Utah ina kosa la kuendesha ukiwa na kiasi chochote kinachopimika cha dawa ya namna hiyo mwilini.

Mdogo wako: hapana, haendi moja kwa moja. Tangu Februari 7, 2022 anayeanza CDL lazima asome kwanza kwenye shule iliyoandikishwa na serikali kuu, ndipo aruhusiwe mtihani wa kuendesha. Mtihani huo ni Kiingereza, bila mkalimani. Na tangu Juni 25, 2025 dereva wa lori asiyeweza kuzungumza na mkaguzi kwa Kiingereza anasimamishwa palepale barabarani. Kwa hiyo aanze na darasa la Kiingereza sasa, akiwa bado huko. Na kabla hujalipa ada yoyote, hakikisha jina la shule limo kwenye orodha ya FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia malori, mtandaoni. Kuitafuta ni bure. Ukitaka kuuliza kuhusu shule fulani za hapa, nitumie ujumbe faragha.